Wifi Yangu na Nondo wa Madirisha Manne

Mwenye chungu mekoni akakiangalie kwanza, kisha arudi akae, maana habari ya wifi yangu haimtaki mtu wa kusimama-simama mlangoni.

Nianze na nondo mwenyewe. Msimdhanie kuwa ni yule mdogo wa kijivu anayetoboa mablanketi. Huyu ni nondo wa hariri, mpana kama kiganja cha mwanamume asiyeshika jembe, na rangi yake ni ya chungu kilichoungua. Mabawa yake ni manne, na katika kila bawa ana dirisha. Sisemi doa, nasema dirisha: mahali pasipo na vumbi wala unyoya, pangavu kama kioo cha taa, hata ukimwinua kwenye mwanga unaona ng'ambo. Kila dirisha limezungukwa na fremu yake, mstari mweusi, kisha wa manjano, kisha wa waridi kama ufizi wa mtoto mchanga. Niliwahi kuwaambia wafumaji kwamba nondo wa kwanza aliumbwa bila madirisha, akaenda kulalamika kwamba nyumba yake ina giza, akapewa manne kwa sharti la kuuacha mdomo wake mlangoni. Walicheka, ila nusu ya maneno yale ni kweli tupu. Nondo huyu hana mdomo wa kulia. Akishatoka kwenye kifukofuko chake, ile nyumba ya uzi aliyojifumia akiwa kiwavi, hali wala hanywi. Amepewa siku zake chache za kumpata mwenzake, kutaga na kufa. Mimi ningezaliwa nondo ningekufa asubuhi ile ile, na si kwa njaa.

Sasa wifi. Alikuwa dada wa mume wangu, amenizidi umri kidogo na kiburi sana. Alifiwa na mumewe mapema, akahamia chumba chetu cha uani na sanduku lake moja na maoni yake mengi kuhusu mchuzi wangu. Watu walimwita Vumbi, kwa sababu ncha za vidole vyake ziling'aa daima kwa vumbi la mabawa ya nondo. Mto wake uling'aa, kitasa cha mlango wake kiling'aa, na marehemu mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akienda kazini mashavu yanang'aa, na wenye adabu hawakuuliza.

Alikuwa mkagua mabawa katika nyumba ya hariri, na mimi nilikuwa mchemshaji humo humo. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, vyumba vimefuatana kama mabehewa: kwanza chumba cha viwavi na majani, kinachonuka mvua hata wakati wa kiangazi, kisha changu, cha moto na masufuria, kisha cha wafumaji, na mwisho kabisa chumba cha mbegu, kidogo, chenye dirisha moja refu linalotazama mashariki. Vifukofuko karibu vyote vilikuja kwangu vichemshwe, uzi uvutwe bila kukatika. Vichache vilivyokuwa vizuri kuliko vyote vilitungwa kwenye nyuzi na kuning'inizwa chumba cha mbegu, ili nondo watoke, wapandane, watage, na tupate viwavi wa msimu mwingine. Mlango ule ulikuwa na funguo mbili. Mmoja ulining'inia kiunoni mwa mama aliyetusimamia, ambaye kwa wingi wa funguo zake alisikika kabla ya kuonekana, tukamwita Mama Funguo. Wa pili ulikuwa shingoni mwa wifi.

Kazi yake ilikuwa ya macho. Nondo akitoka, wifi alimshika kwenye shina la mabawa, akamwinua kwenye lile dirisha la mashariki na kumtazama dirisha kwa dirisha. Akiwa mwangavu, alimweka juu ya kitambaa na wenzake. Akiwa na moshi, alimtumbukiza kwenye kopo lenye majivu ya moto na kufunika. Moshi ndivyo tulivyouita ugonjwa wao. Dirisha la nondo mgonjwa hufanya ukungu, na ndani ya ukungu kuna vitone kama pilipili manga iliyosagwa. Mayai ya nondo kama huyo huzaa viwavi wanaolegea na kuoza juu ya majani, na mmoja akioza chumba kizima humfuata. Kwa hiyo macho ya wifi ndiyo yaliyotulisha sote, na yeye alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake. Nami nilimsaidia kuyavumisha. Niliwaambia watu kwamba wifi anamwona chawa akipiga chafya, na kwamba akikaa kibarazani kwetu anajua jirani wa mtaa wa pili ametia chumvi mara ngapi. Alijifanya kukasirika, lakini hakunikanusha hata siku moja.

Mwaka ule moshi uliingia.

Asubuhi moja wifi alitoka chumba cha mbegu na kopo limejaa, akalitua kando ya moto wangu, akarudi chumbani. Kazi ya kuteketeza ilikuwa yangu, nikateketeza. Kesho yake akaleta jingine. Ilipofika wiki ya pili alikuwa akibeba kopo kila mkono, na midomo yake imekauka kama ya mtu aliyetembea juani.

Mama Funguo alipagawa. Kuta zilipakwa chokaa upya, sakafu ikasuguliwa mpaka ikalia, wakata majani wakaambiwa wanawe kwa siki, na wafumaji wakakatazwa kujipaka mafuta ya kunukia. Kisha ukaanza msako wa mchawi. Mmoja alisema ni husuda ya majirani. Mwingine alisema ni mvuke wa masufuria yangu unaopita chini ya mlango, na kwa siku kadhaa nilitazamwa kama niliyeukojolea mtungi wa maji. Nikawaambia kama mvuke wangu ungekuwa na nguvu ya kuua, mume wangu angekuwa ameshazikwa. Hakuna aliyecheka, nami nikajua mambo yamekuwa mabaya.

Maana pale hapakuwa na pa kukimbilia. Nyumba nyingine za hariri zilikwisha kufa au zilikuwa zikitumia uzi wa dukani. Nondo wetu hawakuwa na ndugu kwa mtu yeyote. Walitoka kwa mama zetu, na mama zetu kwa mama zao, mayai yakirithishwa katika vitambaa kama vito. Mbegu ikikatika, imekatika. Kila mwanamke mle ndani alianza kuhesabu moyoni ndugu anayeweza kumpokea. Mfumaji mkubwa kuliko wote alifungua mto wake kutoka kwenye kiti, akaufua, akaukunja, akauweka ndani ya kikapu chake cha kwenda nyumbani.

Nyumbani wifi hakula. Alikaa mbele ya sahani akiigeuza-geuza. Alimimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina mpaka ikamfika mapajani. Jioni moja aliliambia koti la mume wangu lililotundikwa mlangoni, "Kaka, umewahi leo," na kwa kuwa koti halikujibu, akanuna na kwenda kulala akilalamika kwamba kaka yake siku hizi ana dharau. Mume wangu alipoingia baadaye hakujua kosa lake ni nini. Sote tulisema ni huzuni. Huzuni kweli humpoteza mtu njia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Basi siku moja alileta makopo, na mfuniko wa mojawapo ulikuwa haukukaa sawasawa. Nilikuwa nachochea moto nikasikia kitu kinanitambaa mkononi. Nondo dume, mwenye pembe za manyoya kama masuke mawili ya ngano, amejaa majivu lakini mzima, amepanda mpaka kwenye kiwiko changu. Nikamshika nimrudishe. Mlango wa moto ulikuwa wazi na mwanga wake unatoka vizuri, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuona shimo nisichungulie, nikamwinua nikachungulia kwenye dirisha lake.

Niliuona moto. Niliuona wote, kila ulimi, na hata ufa wa tofali la nyuma. Nikatazama dirisha la pili, la tatu, la nne. Palikuwa safi kama maji ya kisima.

Nikamwaga kopo sakafuni. Wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa joto la majivu. Nikawapangusa mmoja mmoja kwa pindo la kanga yangu na kuwainua. Mwangavu. Mwangavu. Mwangavu. Katika miaka yangu ya kuteketeza nilikuwa nimewaona wagonjwa wa kweli, naijua ile pilipili yao, na hapo hapakuwa na hata punje.

Nitasema ukweli: wazo la kwanza lilikuwa kwamba wifi anatuloga. Ni wifi, na mawazo ya kwanza juu ya wifi hayachelewi. Nikamtia yule dume mzima ndani ya kikombe, nikakifunika kwa kiganja, nikaingia chumba cha mbegu nilikokatazwa kuingia.

Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwangu, uso karibu na kioo.

"Umefuata nini humu na mvuke wako?" akauliza.

"Mmoja ametoroka kopo. Mwangalie tena."

Akampokea kwa ule wepesi wa vidole vyake, hata nondo hakutikisika. Akamwinua. Akamsogeza karibu, akamsogeza mbali, akakunja uso. "Moshi mtupu. Mrudishe."

Nikamrudisha kikombeni. Juu ya meza yake, kati ya takataka za siku hiyo, palikuwa na bawa moja lililodondoka kutoka kwa nondo mkongwe. Kioo cha dirisha lake kilikuwa kimepasuka na kutoka chote. Ilibaki fremu peke yake, nyeusi, njano na waridi, na katikati tundu la kupitisha kidole. Nikalichukua nikamtia mkononi.

"Na hili?"

"Hili ni bawa tu."

"Lisome hivyo hivyo."

Akaliinua kwenye mwanga wa mashariki. Alilitazama kwa muda, akavuta pumzi. "Ukungu mzito. Huyu alikuwa mbaya kuliko wote."

Nikamshika kidole chake cha shahada, nikakipitisha katikati ya lile dirisha, kikatokea upande wa pili.

Alisimama hivyo, kidole kimevaa bawa kama pete. Akakitoa. Akakipitisha tena yeye mwenyewe. Kisha akageuka kunikabili, na mwanga ukamwangukia usoni, nami kwa mara ya kwanza mwaka ule nikamtazama machoni badala ya kumtazama mdomoni nilikozoea kungoja matusi. Ndani ya mboni zote mbili palikuwa na weupe kama maji ya mchele. Mtoto wa jicho, na alikuwa ameshakua.

"Tangu lini?" akaniuliza, kana kwamba macho ni yangu.

"Utajua wewe."

"Nilidhani ni wao," akasema. "Kila nilipowainua, nilidhani ni wao."

Akaketi sakafuni. Wifi yangu, ambaye hakuwahi kuketi mbele yangu bila kwanza kukipangusa kiti, aliketi juu ya sakafu yenye chokaa mbichi na kulia bila sauti, mikono imelala mapajani viganja juu, na vile vidole vinang'aa.

Daktari wa macho alikuwapo mji wa pili, na foleni yake ilikuwa ya kungoja mwaka ujao. Sisi tulikuwa na nondo wasio na mdomo.

Alipoinuka hakunisihi ninyamaze, ingawa nilitazamia anisihi. Alikwenda kwenye nyuzi za vifukofuko na kuanza kuvipapasa. Karibu vyote vilikuwa vitupu, wenyewe wamekwisha kutoka na kupitia mikononi mwake hadi kwenye kopo. Alitafuta vile ambavyo bado ni vizito, akawa anakipima kila kimoja kwenye kiganja. Kifukofuko cha jike ni kizito kuliko cha dume. Hilo hata mimi nalijua. Uso wake ulizidi kunywea.

"Majike," akasema. "Hawa wote ni majike." Madume hutangulia kutoka, na madume yote tulikuwa tumeyachoma, mimi na yeye. Yule wa kwenye kikombe changu, nilipofunua, alikuwa amekwisha kukunja miguu. Majivu yalikuwa yamemuunguza tumbo.

Alijipeleka mwenyewe kwa Mama Funguo. Nilikwenda nyuma yake, kwa kumsindikiza na kwa udaku pia. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema macho yake yamekufa, kwamba hapakuwa na ugonjwa hata siku moja, kwamba mbegu ameiua yeye. Mama Funguo alivua miwani yake, ambayo ilikuwa minene kama vitako vya chupa na ilimtosha kusomea mizani tu, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Wifi akaomba jambo moja. Wakati wa mama yake, alisema, kukikosekana madume, jike alifungwa uzi kiunoni akaning'inizwa nje saa ya magharibi aite madume ya porini. Nyumba yetu ilikuwa imekataza hilo tangu zamani, kwa sababu dume la porini halijulikani limetoka wapi na limeshika nini. Ng'ambo ya ukuta wa nyuma kulikuwa na miti mingi. Labda humo.

Mama Funguo alifungua ufunguo wa ua wa nyuma kutoka kwenye fungu lake, na kwa kuwa haukutaka kutoka, alivunja kucha. "Mkipata mayai mazima, tutazungumza," akasema. "Mkikosa, hakuna cha kuzungumza. Nitafunga nyumba."

Habari ilifika kwa wafumaji kabla hatujafika sisi. Walipompisha wifi njiani walijibana ukutani kana kwamba ana ukoma. Hakuna aliyetaka kuja uani. Mfumaji mkubwa alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye hana shughuli na kipofu aliyemla riziki yake. Basi wa kukaa na wifi na kumtazamia nilibaki mimi.

"Katika macho yote aliyoyaumba Mungu," wifi akasema, "nimeachiwa ya muongo."

"Uongo uko mdomoni. Macho yangu hayana kesi."

Hakucheka, ila aliupapasa mkono wangu akaushika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yangu.

Majike yalitoka manne, manene, yenye matumbo kama mifuko iliyoshonwa kwa kubana. Wifi aliyafunga kwa kupapasa, uzi laini wa pamba kati ya kifua na tumbo, akayaning'iniza kwenye kamba ya kuanikia, moja hapa moja pale. Jua lilipoinama yaliinua mikia na kuanza kuita. Wito wao ni harufu ambayo pua ya mtu haiipati, lakini dume huisikia akiwa ng'ambo ya mto. Tulikaa kwenye vigoda chini yao. Wifi alikuwa akiuliza kila mara kama kuna kitu, nami najibu hakuna. Akauliza tena, nikajibu hakuna. Jike la kwanza lilichukuliwa na mjusi mbele ya macho yangu. Nilipofika na kandambili mkononi, palikuwa pamebaki mabawa mawili yakizunguka kuelekea chini. Nililazimika kumwambia. Akaniuliza ni lipi, nikamwambia lile la mwisho kwenye kamba, akatikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya mtoto wa mtu.

Jioni iliyofuata upepo ulilipiga la pili kwenye kamba mpaka likachanika. Hapo ndipo moyo uliponishinda. Wifi alikuwa amekaa kichwa amekiinamisha, mdomo wazi kidogo kama mgonjwa, nikamwambia naona kivuli cha dume juu ya ukuta, kikubwa, kinakuja. Aliruka juu hata kigoda kikapinduka. Aliinua mikono yote miwili hewani, uso umefunguka kama wa msichana, akasimama hivyo akingoja, akingoja.

Kisha akaishusha.

"Usinidanganye kwa hili," akasema taratibu. "Kwa mengine yote endelea, maana ukiacha utaugua. Kwa hili hapana, wifi. Mbegu yenye ugonjwa ni mbaya kuliko kukosa mbegu. Ikitoka humu inakwenda kuua na wale wa porini. Ukiona, sema unachokiona. Usiponiambia kweli, mimi nitakuwa nimeua mara mbili."

Nikamwambia nimesikia.

Likafa la tatu, limening'inia, bado limeinua mkia. Likabaki moja, nalo vumbi lilikuwa limeanza kulitoka, madirisha yake yamepanuka kwa kuchakaa na fremu zake zimefifia. Jioni ile wafumaji walikuja, hakuna aliyewaita. Walisimama mlangoni wakiwa wamebeba vikapu vyao, na Mama Funguo mbele yao, funguo amezishika zisilie.

Ukuta ulikuwa bado una jua kwenye ukingo wa juu. Wifi ndiye aliyejua kwanza. Aliinua kidole. "Nyamazeni." Kisha hata mimi nikasikia, sauti kama ya mtu anayepekua kitambaa kikavu. Dume lilikuja juu ya ukuta, likaanguka, likainuka, likaja kwa kuyumba-yumba kama mlevi anayeijua nyumba yake. Lilimzunguka jike mara kadhaa na kutua juu ya kamba karibu naye. Nyuma yangu mtu alianza kumshukuru Mungu kwa kunong'ona.

Wifi alinyoosha mkono kufuata sauti. Sijui vidole vile vilijuaje. Vilimkuta yule dume kwenye shina la mabawa kabla hajamfikia jike, vikamshika, na wifi kwa mazoea ya maisha yake yote akamwinua kwenye mwanga, akamweka mbele ya yale macho meupe. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akamnyoosha kwangu.

"Nisomee."

Nikamgeuza kuelekea jua. Dirisha la kwanza nililiona tawi ndani yake. La pili nililiona tawi lile lile na jani lake. La tatu lilikuwa safi, niliweza kumwona Mama Funguo ndani yake, ameziba mdomo. Nikafika la nne.

Nalikumbuka la nne. Lilikuwa na ukungu pembeni, si mwingi, kama pumzi ya mtoto juu ya kioo. Na ndani ya ukungu, vitone. Niliufuta kwa ncha ya kidole, nikidhani ni vumbi. Nikaufuta tena. Nikamgeuza huku na huku nikitafuta pembe ambayo vitone havionekani, na pembe hiyo ilikuwapo, nami nilimshikilia hapo. Matatu mazima na moja lenye kaukungu tu. Wanawake wote wale wamebeba vikapu. Ulimi wangu, ambao nimeuachia kamba tangu nijue kusema, ulilala kinywani kama nyama ya mtu mwingine.

"Sema," wifi akasema.

"Matatu ni safi."

"Na la nne?"

Jike lilikuwa likitikisa mkia juu ya vichwa vyetu.

"La nne lina pilipili."

"Wifi, unanidanganya?"

"Natamani ningekuwa nakudanganya."

Akanyoosha kiganja, nikamrudishia. Akambana kifua kwa dole gumba na kidole, mara moja, ili asiteseke, akamtia kwenye kopo na kupapasa mfuniko mpaka ukakaa. Kule mlangoni mfumaji mkubwa alisema neno ambalo sitalirudia, nikasikia vikapu vikiondoka kimoja kimoja.

"Bado anaita?" wifi akauliza.

"Anaita."

"Basi kaa."

Tukakaa. Jua lilitoka ukutani, rangi ya mbingu na ya ukuta zikawa moja, na mimi nikakodoa mpaka macho yakaniuma. Hakuna kilichokuja. Mwisho nikamwambia giza limeingia, sioni tena kitu.

"Sasa tuko sawa," akasema, akasogeza kigoda chake karibu na ukuta asikilize.

Asubuhi jike lilikuwa limetaga peke yake, kama kuku asiye na jogoo, mayai yamejipanga kwenye uzi uliomfunga, na lenyewe limekauka pembeni. Wifi aliyabandua kwa ukucha, kwa tumaini kwamba labda dume lilipita gizani bila sisi kujua, akayaweka juu ya kitambaa chumbani mwake pale kwetu. Yai lenye uhai hubaki la mviringo. Lisilo na uhai hubonyea katikati baada ya siku chache. Siku zile zilipopita Mama Funguo alikuja nyumbani, akasimama kizingitini, hakukaa. Wifi alikunjua kitambaa mezani. Aliweka ncha ya kidole juu ya yai la kwanza, akangoja kidogo, akahamia la pili. Alikwenda hivyo mstari mzima, bila haraka, midomo ikicheza kama mtu anayesoma. Nilikuwa naona kutoka niliposimama. Yote yalikuwa yamebonyea.

Alipofika yai la mwisho alirudisha kidole kwenye la kwanza, akaanza upya.